Kipimo Kinachokumbuka Saa za Kimya

Mtu wa Siyu akimtumia nduguye wa Mombasa ujumbe wa sauti, si lazima ujumbe ule ushike njia ya karibu. Unaruka kutoka mnara wa simu kisiwani Pate hadi bara, unaingia kwenye nyuzi za kioo, na huenda ukafika seva iliyoko Ulaya kabla ya kurudi pwani. Mwaka 2014 Arpit Gupta na wenzake walichapisha utafiti uliotumia ruta za kupimia zilizowekwa majumbani barani Afrika, Kenya ikiwemo. Waliona kwamba njia nyingi ambazo zingeishia humu barani zilikuwa zikizungukia Ulaya. Ndani ya uzi wa kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za mzunguko huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi.

Vipimo vya namna hii hukusanywaje? Katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, upo uwanja wa majaribio uitwao ORBIT: redio 400 zilizopangwa safu 20 kwa 20. Kwa ajili yake iliundwa programu ya OML, ambayo baadaye iliendelezwa Australia. Mtafiti huchomeka sehemu za kupimia ndani ya programu anayoijaribu. Kila kipimo hutumwa kwenye seva ya kukusanyia na kuingizwa katika hifadhidata pamoja na jina la mashine iliyokituma na saa kilipochukuliwa.

Ugumu unaanzia kwenye njia ya kupitishia vipimo hivyo. Mkondo wa mikoko wa kuingilia Siyu hupitika vizuri maji yakijaa. Ukipeleka mashua kumi humo ili upime msongamano, msongamano utakaoupima ni wa mashua zako. Vipimo vinavyopitia mtandao ule ule unaopimwa huuvuruga vivyo hivyo. Ndiyo maana viwanja vingi vya majaribio huwa na mtandao wa pili wa waya, wa kubeba maagizo na vipimo peke yake.

Pasipo na njia ya pili, data hupunguzwa pale pale inapozaliwa: badala ya vipimo elfu, hutumwa wastani wa kila sekunde. Lakini wastani huficha mikwamo mifupi inayokata simu katikati ya neno. Kwa maoni yangu, vipimo vyenyewe vibaki kwenye kifaa hata baada ya muhtasari kutumwa.

Saa nazo zina taabu zake. Saa ya kompyuta ya kawaida yaweza kupotoka kwa sekunde nzima au zaidi kwa siku, nasi tunatafuta milisekunde. Kwa sababu hiyo wengi hupima safari ya kwenda na kurudi, ambayo huhitaji saa moja tu.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni kukatika. OML ina seva ya kati inayokaa karibu na mashine. Mawasiliano yakikatika huhifadhi vipimo, na yakirudi huvipeleka. Kisiwani hilo ni la lazima. Kifaa kinachonyamaza kila mtandao unapoanguka huacha hifadhidata yenye saa nzuri tupu, na mtu aliye ofisini Nairobi ataisoma na kuamini kwamba Siyu haina shida. Saa za kimya nazo ni data, tena ndizo tunazozihitaji zaidi.

Tangu mwaka 2010 mradi wa RIPE Atlas umesambaza maelfu ya vifaa vidogo vya kupimia kwa watu wanaojitolea, na matokeo mengi yako wazi kwa yeyote. Vingi viko Ulaya. KENET, mtandao wa vyuo vya Kenya ulioanzishwa 1999, na idara za kompyuta za vyuo vya pwani zina ujuzi wa kutosha kuanza upimaji kama huo huku kwetu. Wawape vijana wa Siyu na wa miji jirani ya Faza na Kizingitini vifaa vyenye betri na hifadhi yake, wawafundishe kuvitunza, na matokeo yawekwe wazi, saa za kimya zikiwa ndani yake.