Kitabu Kiwe Mshenga Baina ya Mzee na Kijana

Mtu akizuru maktaba ya umma humu nchini wakati wa likizo za shule, aghalabu atakuta viti vimejaa. Atafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini akipita meza moja baada ya nyingine atagundua mambo mawili. Kwanza, walioketi wote ni wa rika moja. Pili, vingi vya vitabu walivyovifungua si vya maktaba. Ni madaftari yao wenyewe, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, na ile miongozo ya fasihi inayomweleza mwanafunzi maudhui, wahusika na mbinu za uandishi ili asijisumbue kukisoma kitabu chenyewe. Rafu za riwaya na diwani zimetulia, na vumbi limetulia juu yake. Maktaba imegeuka ukumbi wa kudurusia.

Sisemi kwamba kudurusu ni kosa. Mtoto anayeishi na ndugu zake watano katika chumba kimoja ana haja ya meza, taa na utulivu, na maktaba inapompa hayo inatenda wema mkubwa. La kusikitisha ni kwamba mtihani wa Kidato cha Nne ukishapita, wengi wa vijana hao hawarudi tena. Walikuja kwa ajili ya cheti, na cheti kimepatikana au kimekosekana. Wazazi wao, kwa upande mwingine, hawajawahi kuingia humo, na nyanya zao hawajui kwamba mlango wa jumba lile uko wazi kwao pia.

Hapo ndipo chama cha wasomaji kinapohitajika. Chama cha namna hii ni jambo sahili: watu huchagua kitabu kimoja, hukisoma kwa muda waliokubaliana, kisha hukutana kukizungumzia. Desturi hiyo inapoanzishwa katika maktaba za kijamii, waandalizi hupenda kuwagawa watu kwa umri. Watoto huwekewa asubuhi ya Jumamosi, wanafunzi wa sekondari alasiri, na watu wazima jioni ya siku nyingine. Mgawanyo huo una hekima yake, kwani mtoto wa miaka minane na mhasibu wa miaka arobaini hawawezi kufurahia kitabu kile kile kila juma. Hata hivyo, tukikomea hapo tutakuwa tumejenga shule nyingine yenye madarasa yake. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba, angalau mara moja kwa mwezi, marika yote yanapaswa kukalia mkeka mmoja mbele ya kitabu kimoja.

Kwa nini? Na tumfikirie mtu tuliyemzoea katika mila zetu, yaani mshenga. Familia mbili zinapokuwa na jambo zito la kuambiana, hazisemezani ana kwa ana. Humtuma mshenga, na maneno ambayo yangeudhi yakitoka kinywani mwa mwenyewe hupita salama yakipitia kwake. Kitabu kinaweza kuifanya kazi hiyo hiyo baina ya wazee na vijana. Msichana wa miaka kumi na sita hawezi kumwambia babake kwamba ukali wake unamfukuza nyumbani. Heshima haimruhusu, na pengine hofu pia. Lakini anaweza kusema waziwazi kwamba malezi ya kufungiwa ndani ndiyo yaliyomtorosha Maimuna katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Mzazi aliyeketi hapo huenda asimtetee Bwana Maksuudi, maana bwana huyo ni mgumu wa kutetewa. Lakini anaweza kueleza ni hofu gani inayomfanya mzazi afunge mlango. Baba na binti watakuwa wamezungumza juu ya nyumba yao bila ya yeyote kuvunjiwa heshima.

Chukua mfano mwingine, riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambayo ilitahiniwa katika shule zetu za sekondari kwa miaka kadhaa. Wanafunzi wengi wamemwandikia insha Ridhaa, mtu aliyepoteza sehemu kubwa ya familia yake kwa moto wa vita vya baada ya uchaguzi. Wameeleza muktadha wa dondoo, wametaja tashbihi na taharuki, wakapewa alama. Mwanafunzi aliyezaliwa mwaka wa 2009 hakuyaona maafa yaliyotupata mwishoni mwa mwaka wa 2007 na mwanzoni mwa 2008, ambapo tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Mamake aliyaona. Pengine alilala kanisani kwa majuma matatu. Pengine jirani alimficha, au jirani alimfukuza. Nyumbani mambo hayo hayatajwi, kwa sababu hakuna ajuaye pa kuanzia. Katika chama cha wasomaji pa kuanzia papo: ukurasa umefunguliwa, na jina la Ridhaa limetajwa. Mwanafunzi atatambua kwamba kile alichokiita maudhui ni maisha ya mtu aliyeketi kando yake. Mama naye atatambua kwamba mwanawe ana akili ya kuusikia ukweli.

Jambo hili si dogo katika nchi yetu ya leo. Juni mwaka wa 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, taifa zima lilizungumza juu ya pengo la vizazi. Wazee waliwauliza vijana wameitoa wapi ghadhabu hiyo; vijana wakawauliza wazee walinyamaza kwa nini miaka yote hiyo. Yalikuwa maswali mazuri yaliyoulizwa mahali pabaya, katikati ya moshi na vilio. Sidai kwamba kusoma riwaya pamoja kungezuia damu kumwagika. Nauliza tu: watu ambao hawajawahi kubishana kwa utulivu juu ya jambo dogo, watabishanaje juu ya jambo kubwa?

Wapo watakaosema kwamba mkutano wa marika mbalimbali juu ya vitabu ni mtindo wa kigeni. Hawajatafakari. Nyanya aliyesimulia ngano baada ya chajio hakuwatenga wajukuu kwa umri. Aliyetega kitendawili alijibiwa na mdogo na mkubwa, na mdogo aliruhusiwa kukosea na kutoa mji. Katika mwambao, tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu ziliwafikia wengi kwa sikio, kwani mmoja alighani na wengine wakasikiliza. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka wa 1858, ni maneno ya mama kwa bintiye. Fasihi yetu ilianza kama mazungumzo baina ya vizazi. Ni darasa na mtihani vilivyokuja baadaye kuigawa kwa vidato.

Wala maktaba si jumba la kuogopwa. Ni kweli kwamba baadhi ya maktaba zetu zilijengwa ili kuwatenga watu. Ile ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Leo ni mali ya wakazi wote wa jiji, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ambayo yamekarabatiwa kutokana na ushirikiano ulioanza mwaka wa 2018 baina ya serikali ya kaunti na shirika la Book Bunk. Kule Garissa nako, Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza mwaka wa 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Msafara huo hubeba vitabu, hema na mikeka. Hema likishasimamishwa na mikeka ikatandikwa, maktaba imefunguliwa. Funzo ni kwamba maktaba ni watu walioketi pamoja na vitabu. Kuta ni nyongeza njema, lakini ni nyongeza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, mzee asiyejua kusoma atafanya nini katika chama cha wasomaji? Uchunguzi wa kitaifa uliotangazwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima nchini ndio waliojua kusoma na kuandika. Takriban wanne katika kila kumi walikuwa nje ya ulimwengu wa maandishi. Basi kitabu na kisomwe kwa sauti. Mwanafunzi wa kidato cha pili asome sura moja, wa darasa la saba asome aya mbili, na mzee asikilize, kisha aseme aliyoyasikia. Tusidhani kwamba mzee huyo ataona haya. Marehemu Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza karibu na Eldoret mwezi wa Januari mwaka wa 2004, akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure. Alivaa sare, akaketi na watoto. Kiu ya kusoma haina umri. Kinachokosekana ni mahali ambapo mwenye kiu hatachekwa.

Pingamizi la tatu ni heshima. Vijana watanyamaza mbele ya wazee, na wazee watahubiri. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni kanuni chache zinazofuatwa bila upendeleo. Mdogo na aseme kwanza, ili asije akaurudia tu usemi wa mkubwa. Kila anayetoa maoni aonyeshe mahali kitabuni alipoyapata, kwa maana ukurasa haujui mkubwa wala mdogo. Uenyekiti uzunguke, leo mwalimu mstaafu, mwezi ujao mwanafunzi. Yanayosemwa juu ya maisha ya mtu yabaki pale pale ukumbini. Kuhusu yaliyomo vitabuni, mkutubi na awe mlinzi mwenye busara: si kila riwaya inayomfaa mtu mzima inamfaa mtoto wa miaka kumi. Wadogo wawe na pembe yao yenye hadithi zao, na mkutano uanze kwa ngano moja inayosikilizwa na wote kabla ya wao kwenda zao.

Kisha kuna suala la gharama. Vitabu ni ghali, na maktaba nyingi zina nakala moja tu ya riwaya inayopendwa. Hapa ningependa kutoa pendekezo kwa wanaonunua vitabu kwa fedha za umma. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kaunti inapotenga fedha za vitabu, sehemu yake na itumike kununua nakala kumi za riwaya moja badala ya nakala moja moja za riwaya kumi. Nakala kumi zikizunguka mtaani kwa mwezi mmoja, zinaweza kupita katika mikono ya nyumba thelathini. Nakala moja rafuni husubiri mtu mmoja ambaye pengine hatafika. Milango nayo ifunguliwe Jumamosi alasiri, maana maktaba inayofungwa wakati mfanyakazi anapotoka kazini haijamkusudia mfanyakazi.

Walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza ndio wenye ufunguo wa jambo hili. Wanaweza kuwapeleka wanafunzi wao kwenye chama hicho, kwa sharti moja gumu: wasikitolee alama. Mara tu alama inapoingia, mwanafunzi huacha kuuliza anachotaka kukijua na kuanza kuuliza kinachotakiwa. Mwalimu na aende kama msomaji, aketi kama wengine, akubali kupingwa na fundi wa magari ambaye amekisoma kitabu kwa makini kuliko yeye. Wala asihofu kwamba mtihani utaathirika. Mwanafunzi aliyesikia mjadala wa saa mbili juu ya mhusika mmoja hatahitaji kukariri sifa zake kutoka kwenye mwongozo. Isitoshe, mtaala wa umilisi unamtaka mzazi ashiriki katika elimu ya mwanawe, na wazazi wengi wameelewa kwamba maana yake ni kununua manila na gundi. Kusoma kitabu kimoja na mtoto ni ushiriki ulio bora zaidi, na tena ni rahisi zaidi.

Nanyi wanafunzi mna wajibu wenu. Msingoje mkutubi awaandikie barua. Nendeni wanne au watano, mwombeni chumba kwa saa mbili, na kila mmoja wenu aje na mtu mmoja aliyemzidi umri kwa miaka ishirini: mzazi, shangazi, mpishi wa shule, mlinzi wa lango. Chagueni kitabu chembamba kwanza. Msikubali kuanza na tamthilia mnayotahiniwa mwaka huu, kwani mtarudi kwenye maswali ya dondoo kabla hamjafika ukurasa wa kumi.

Azimio la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mwaka wa 1994, lilisema kwamba huduma za maktaba ni za watu wote bila kujali umri. Maneno hayo huwa tunayafasiri kuwa kila rika litengewe rafu yake. Nadhani yanadai zaidi ya hapo. Rafu tofauti ni mwanzo, lakini watu wanaopishana mlangoni bila ya kusemezana hawajawa jamii kwa sababu tu wana kadi za maktaba moja. Viti vipo, na vitabu vipo, ijapokuwa ni vichache. Mitihani nayo itaendelea kuja kila Novemba. Kinachosalia ni kuamua kama tunataka watoto wetu wavifunge vitabu siku ya mtihani wa mwisho, au wavifungue tena Jumamosi inayofuata, wakiwa na mama zao kando.