Dawa ya Maji Ipo, Mbona Watoto Wangali Wanaharisha?

Kila mvua zinapoanza, akina mama hufika katika kliniki za Kibuye, Manyatta na Obunga wakiwa wamebeba watoto wanaoharisha. Wengi wao huuliza swali moja: "Daktari, sisi hatunywi maji ya ziwa. Tunanunua ya mfereji. Ugonjwa huu umetoka wapi?"

Swali hilo ni la haki. Jibu lake limetafutwa kwa miaka mingi na watafiti wa vyuo vikuu, na sehemu kubwa ya kazi yao imefanyika hapa kwetu magharibi mwa Kenya. Jambo la kupendeza ni kwamba madaktari peke yao hawakulipata. Ilibidi waje pia wanakemia, wahandisi na wataalamu wa tabia za binadamu.

Safari ndefu ya maji

Maji yanaweza kutoka kwenye mfereji yakiwa salama na kufika kinywani yakiwa na viini vya maradhi. Njiani hupita katika mpira wa kioski, mtungi wa lita 20 usiosuguliwa ndani na mkokoteni wa mchuuzi. Nyumbani humiminwa katika ndoo isiyo na kifuniko. Mwishowe huja kikombe kinachochovywa na mtoto aliyetoka kucheza uani.

Uchunguzi uliofanywa Busia na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha jambo hili waziwazi. Chemchemi za vijijini zilijengewa saruji ili uchafu usiingie. Bakteria wa kinyesi katika chemchemi walipungua kwa asilimia 66, lakini katika maji yaliyowekwa nyumbani walipungua kwa asilimia 24 tu. Kuharisha kwa watoto kulipungua kwa karibu robo. Hiyo ni faida, lakini sehemu kubwa ya usafi uliopatikana kwenye chanzo ilipotea kabla ya maji kunywewa.

Kwa wanaotumia visima hali ni ngumu zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa Kisumu, walipima visima vya Manyatta na Migosi na kukuta vingi vina bakteria wa kinyesi. Mahali ambapo vyoo vya shimo na visima vimesongamana katika ploti moja, maji ya chini ya ardhi hayawezi kuaminiwa kwa macho. Maji maangavu si lazima yawe maji salama.

Klorini hufanyaje kazi?

Dawa ya maji inayouzwa madukani ni klorini iliyochanganywa na maji. Inapotiwa mtungini huwashambulia bakteria, huharibu ngozi yao ya nje na kuwaua. Huua pia virusi vingi. Viini vya kipindupindu na homa ya matumbo havistahimili klorini. Kazi hiyo huchukua muda, na ndiyo sababu twaambiwa tungoje nusu saa kabla ya kunywa. Klorini inayobaki huendelea kuyalinda maji hata mkono mchafu ukigusa baadaye. Faida hiyo haipatikani kwa kuchemsha, kwani maji yaliyochemshwa huweza kuchafuka tena mara tu yanapopoa.

Hata hivyo, klorini ina mipaka yake. Maji yenye tope huimaliza nguvu kabla haijawafikia bakteria, hivyo ni lazima yatulie na kuchujwa kwanza. Aidha, kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu ambacho hakisumbuliwi na klorini ya kawaida. Uchunguzi mkubwa wa nchi saba za Afrika na Asia uliochapishwa mwaka 2013, ambao Siaya ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulikitaja kimelea hicho miongoni mwa visababishi vikuu vinne vya kuharisha vikali kwa watoto wadogo. Kuchemsha hukiua. Kwa hiyo maji ya mtoto mchanga au mgonjwa mwenye kinga hafifu yafaa yachemshwe.

Kwa nini chupa hukaa dukani?

Hapa ndipo wataalamu wa tabia walipoingia. Huko Busia, watafiti wakiongozwa na Michael Kremer, ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Harvard na mwaka 2019 akawa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, waliuliza swali rahisi. Ikiwa dawa ya maji ni ya bei nafuu na karibu kila mtu ameisikia, kwa nini wanaoinunua ni wachache?

Kupunguza bei kwa nusu hakukusaidia sana. Ndipo wakajaribu njia nyingine. Tangi dogo la klorini liliwekwa kando ya chemchemi, bila malipo. Mtu anafungua koki, dozi ya mtungi wa lita 20 inaingia, naye anaondoka. Katika vijiji hivyo zaidi ya nusu ya nyumba zilianza kutibu maji, ilhali walioachiwa wanunue chupa dukani walikuwa takriban nyumba moja kati ya kumi.

Tofauti ililetwa na mambo kadhaa. Dawa ilikuwepo pale pale na wakati ule ule mtu anapoteka maji, hivyo hakuhitaji kukumbuka baadaye. Jirani alimwona akitumia, na yeye akamwona jirani. Mtungi ukibebwa kwa miguu hadi nyumbani, dawa huchanganyika na muda wa kungoja hupita njiani. Tena kulikuwa na mwanakijiji aliyechaguliwa na wenzake kujaza tangi na kuwahimiza. Wananchi hawakuwa wajinga wala wazembe. Kinachopatikana kwa urahisi hutumiwa, na kinachohitaji safari, pesa na kumbukumbu kila siku huachwa.

Lakini ushindi haukuwa kamili. Utafiti mwingine, uliohusisha zaidi ya wajawazito 8,000 katika Bungoma, Kakamega na Vihiga na kuchapishwa mwaka 2018, ulijaribu klorini, vyoo bora na kunawa mikono. Kuharisha kwa watoto hakukupungua. Mradi kama huo nchini Bangladesh ulifaulu kupunguza kuharisha, na huko wahamasishaji walizitembelea nyumba mara nyingi zaidi. Somo ni kwamba dawa isiyotumiwa kila siku haitibu maji. Matone ya Jumatatu hayamlindi mtoto siku ya Alhamisi.

Wahandisi waja na jibu lao

Kama tatizo ni kukumbuka, je, haiwezekani maji yajitibu yenyewe? Watafiti walijaribu hilo mjini Dhaka, Bangladesh, kwa kufunga kifaa cha klorini kwenye mifereji ya jumuiya, ili kila anayeteka apate maji yaliyotibiwa bila kufanya lolote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuharisha kwa watoto kulipungua kwa asilimia 23.

Kisumu nayo imeshiriki. Kifaa kisichohitaji umeme, kinachovuta klorini kwa nguvu ya maji yenyewe yanapopita kwenye bomba, kilijaribiwa katika vioski vya maji vya mji huu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Pale mnunuzi aliondoka na mtungi uliokwisha kutibiwa. Kwa mji kama wetu, ambako familia nyingi hununua maji kwa mtungi, mzigo wa kukumbuka umehamishwa kutoka kwa mama mmoja mmoja hadi kwa muuzaji mmoja.

Faida yake si ndogo. Kremer na wenzake walipokusanya pamoja majaribio 15 ya kutibu maji kutoka nchi mbalimbali, walikadiria kwamba kutibu maji hupunguza uwezekano wa mtoto wa chini ya miaka mitano kufariki kwa karibu robo. Ni dawa chache katika kabati la daktari zinazoweza kujivunia hivyo kwa gharama ndogo namna hiyo.

Ufanye nini nyumbani?

Weka chupa ya dawa juu ya mtungi wenyewe, si kabatini, na utie dawa kila unapojaza. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na ungoje nusu saa. Sugua mtungi ndani mara kwa mara. Hifadhi maji katika chombo chenye kifuniko na koki, au umimine badala ya kuchovya. Maji ya ziwa yaliyogeuka kijani usiyanywe hata ukiyachemsha, kwani sumu ya mwani haiondoki kwa moto.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti tangu mara ya kwanza, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Ukikosa pakiti, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Uliza kituo cha afya wakupe vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Usimpe dawa za kuzuia kuharisha.

Mpeleke hospitalini bila kukawia akiwa na macho yaliyodidimia, akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiharisha damu, au kinyesi kikiwa kama maji ya mchele. Usingoje asubuhi. Mtoto mdogo anaweza kupungukiwa na maji hadi kufa katika muda wa saa chache, na mara nyingi anayefikishwa mapema huokolewa.