Kamera Imetulia, Lenzi Ndiyo Inayosafiri

Golikipa anapiga mpira mrefu. Mtazamaji aliye nyumbani anauona uwanja mzima, kisha mara anaona jasho kwenye paji la uso la mshambuliaji. Kamera iko palepale jukwaani. Safari yote imefanyika ndani ya lenzi ya zumu, na picha haikufifia hata kidogo njiani. Kutofifia huko ndiko kunakobeba ufundi wote.

Kukuza picha si kazi kubwa. Kazi ni kuikuza bila kupoteza fokasi. Ndani ya lenzi, vioo vimepangwa kwa makundi. Kundi moja likisogea ili kukuza picha, fokasi nayo huhama, kwa hiyo kundi la pili hulazimika kusogea wakati uleule, kwa mwendo wake, kuirudisha mahali pake. Mafundi huchonga mifereji iliyopinda kwenye silinda ya chuma ili iongoze vioo hivyo. Mfereji ukikosewa hata kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, picha huharibika.

Haikuwa kazi ya siku moja. Mwaka 1932 ilitoka Cooke Varo ya milimita 40 hadi 120, mara tatu tu. Mwaka 1947 televisheni ya Marekani ilionyesha fainali za besiboli kwa lenzi ya Zoomar, kazi ya Frank Back. Lakini aliyewafanya watu wa sinema waiamini zumu kuliko wengi ni Pierre Angénieux wa Saint-Héand, Ufaransa. Mwaka 1956 alitoa lenzi ya milimita 17 hadi 68. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akafikia mara kumi: 12 hadi 120 kwa filamu ya milimita 16, na 25 hadi 250 kwa ile ya 35. Watengenezaji wa filamu za hali halisi wakaipokea kwa mikono miwili, kwani sasa waliweza kumfuata mtu barabarani kamera ikiwa begani, bila kusimama kubadilisha lenzi.

Mwaka 1975, Stanley Kubrick aliitumia zumu kwa namna nyingine katika filamu ya Barry Lyndon. Picha inaanza karibu na mtu, kisha inapanuka polepole mno hadi mtu huyo anakuwa mdogo katikati ya mashamba na anga. Hapo zumu haikutumika kwa sababu ya uvivu wa kusogeza kamera. Ilibeba maana: binadamu anamezwa na dunia yake.

Leo lenzi za televisheni na za sinema zina mahitaji tofauti. Lenzi za mpira huhitaji kufika mbali, na kwa kuwa kihisi cha kamera za televisheni ni kidogo, inawezekana. Canon ina lenzi ya milimita 8.2 hadi 1,000, yenye uzito unaozidi kilo 25. Ikivutwa hadi mwisho, mwanga hupungua, na watu wa matangazo wamekubali hasara hiyo. Sinema haikubali. Angénieux Optimo ya milimita 24 hadi 290 hukuza mara 12 tu, lakini mwanga wake haubadiliki mwanzo hadi mwisho.

Vijana wetu wengi wanaoingia kwenye fani hii hutazama kamera kwanza. Kamera huzeeka upesi. Lenzi nzuri hubaki, na zile za Angénieux za miaka ya 1960 bado zinatafutwa. Basi kabla ya kulipia zumu ya kukodi, ifunge kwenye kamera yako, vuta hadi mwisho, weka fokasi kwenye kitu cha mbali chenye mistari myembamba, kisha panua bila kugusa pete ya fokasi. Mistari ikififia, mwambie fundi arekebishe fokasi ya nyuma, yaani umbali kati ya lenzi na kihisi, mbele yako. Akishindwa, usiichukue, hata kama bei ni nusu.