Maikro-RNA katika Saratani ya Utumbo Mpana: Zinatoka Seli Gani?

Kipande cha nyama kilichokatwa kutoka utumbo mpana, kikahifadhiwa kwa formalini na kufunikwa kwa nta, huweza kukaa katika kabati la maabara ya patholojia kwa miaka mingi. Kikija kupimwa tena, RNA ndefu zilizokuwamo huwa zimekatikakatika. Maikro-RNA hubaki. Ufupi wake ndio kinga yake, kwani kila moja ina takriban nukleotidi 22 tu.

Molekuli hizi hazitengenezi protini. Hujipachika kwenye RNA mjumbe, ile inayobeba maelekezo ya jeni, zikaifanya isisomwe au ivunjwe mapema, na moja huweza kudhibiti jeni nyingi kwa pamoja. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1993 katika mnyoo mdogo aitwaye Caenorhabditis elegans, kazi iliyowapatia Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobel ya mwaka 2024.

Saratani ya utumbo mpana na puru iliwapata watu wapatao milioni 1.9 duniani mwaka 2022 na kuua takriban 900,000. Mara nyingi huanza kwa kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, nacho huchukua miaka kugeuka kuwa saratani. Katika kipindi hicho maikro-RNA nyingine huusukuma ugonjwa mbele na nyingine huuzuia. miR-135b hunyamazisha APC, jeni ambayo kuharibika kwake ndiko mara nyingi hufungua njia ya ugonjwa. miR-21 huongezeka na kukandamiza PTEN na PDCD4, jeni mbili za ulinzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wagonjwa wa Marekani na Hong Kong ulionyesha kuwa waliokuwa nayo kwa wingi katika uvimbe waliishi muda mfupi zaidi. Kwa upande wa ulinzi ipo miR-34a, inayoamshwa na p53 ili kuisimamisha seli iliyoharibika.

Hadithi ya miR-143 na miR-145 ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa Australia waliripoti kuwa hizi mbili hupungua katika vinyama na saratani za utumbo. Wengi wakaamini kwamba seli za saratani zimepoteza walinzi wake. Mwaka 2014 utafiti uliofanywa kwa panya ulionyesha kuwa makao yake hasa ni seli za tishu unganishi zilizo chini ya utando wa utumbo, wala si seli za utando ambamo saratani huanzia. Uvimbe uliojaa seli za utando una tishu unganishi kidogo, hivyo kipimo kinaweza kushuka bila seli yoyote kupoteza kitu. Hata miR-21 kwa sehemu kubwa hupatikana katika tishu unganishi inayouzunguka uvimbe.

Swali hilohilo huifuata damu. miR-92a imeonekana kuongezeka katika plazima na kinyesi cha wagonjwa, lakini chembe nyekundu za damu nazo zimejaa miR-92a. Zikipasuka ndani ya chupa kabla plazima haijatenganishwa, mtu mzima wa afya ataonekana mgonjwa. Pale ambapo sampuli husafiri saa kadhaa kwenye joto, kasoro hii si ndogo, na wanaosifu vipimo vipya huitaja kwa nadra.

Katika matibabu tahadhari ni kubwa zaidi. Jaribio la MRX34, dawa iliyoiga miR-34, lilisimamishwa mwaka 2016 baada ya kinga ya mwili ya baadhi ya wagonjwa kuitikia kwa ukali, na wengine kufariki.

Kwa Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi hufika wamechelewa na kolonoskopi ni haba, kipimo cha kinyesi kinachoaminika kingekuwa nafuu kubwa. Kwa sasa kipimo cha kinyesi chenye ushahidi wa miaka mingi ni kile cha damu isiyoonekana kwa macho, kikifuatiwa na kolonoskopi kikionyesha damu. Naye anayetokwa damu inayoonekana, akapewa dawa ya bawasiri bila hata kupimwa kwa kidole, hana sababu ya kusubiri maikro-RNA. Arudi hospitali achunguzwe puru na utumbo mpana.