Unataka kuhama Nairobi uende Mombasa? Piga hesabu hii kwanza

Ile video najua umeiona. Msee ameketi ufuoni Nyali, laptopu mapajani, dafu kando, anakuambia alihama Nairobi na sasa maisha ni poa. Wewe uko kwenye matatu iliyokwama Thika Road, mvua inanyesha, na unajiambia: hata mimi naenda.

Mimi nilienda. Sasa ni mwaka mmoja na miezi minne. Sijutii, lakini kuna mambo hakuna aliyeniambia, na wewe nataka uyajue kabla hujauza kitanda.

Kwanza unielewe. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokuwa mzigo nyumbani. Tangu hapo riziki yangu ni simu na laptopu: naandika, napiga picha za bidhaa, nasimamia kurasa za biashara ndogo ndogo mitandaoni. Kwa hivyo landilodi wangu wa Roysambu alipopandisha kodi ya bedsita kutoka 9,000 hadi 11,000, nikajiuliza nabaki hapa nikifanya nini. Nikapata keja Bamburi kwa 7,000. Hesabu ikawa rahisi kichwani: 4,000 zinabaki mfukoni kila mwezi.

Hesabu hiyo ilikuwa nusu tu.

Anza na maji. Ploti yangu ina kisima, na maji yake ni ya chumvi. Ni sawa kwa choo na kupiga deki, lakini sabuni haitoi povu na chai hainyweki. Ya kupikia na kunywa nanunua kwa mkokoteni, mitungi miwili kwa siku, 30 kila mmoja. Hiyo ni 1,800 kwa mwezi. Kisha stima. Roysambu nilitumia 300. Hapa pangaboi linazunguka usiku kucha, la sivyo hulali, na tokeni zimefika 900. Zile 4,000 sasa ni 1,600.

Na hapo sijagusa kazi. Wateja wangu wawili wa Nairobi walitaka mtu wa kufika dukani, wakatafuta mwingine. Nilipoanza kubisha milango huku, picha ambazo nilizoea kulipwa 5,000 niliambiwa ni 2,500, na sahani ya biriani. Biriani ilikuwa tamu, siwezi kudanganya, lakini landilodi hapokei biriani.

Usinielewe vibaya. Kuna vitu huku ambavyo Nairobi sikuwa navyo. Asubuhi nakula mahamri na mbaazi na nashiba hadi saa saba. Jioni nashuka baharini kwa miguu, bure. Nalala usingizi wa kweli. Pia nimefunzwa adabu. Wiki ya kwanza niliingia kibandani kwa kasi ya Nairobi: "Leta chapo mbili!" Mama akaendelea kukanda unga kana kwamba hakusikia. Nikarudia. Akaniangalia: "Mwanangu, huku twasalimiana kwanza." Niliona aibu. Siku hizi yeye ndiye anayepiga simu nisipoonekana siku mbili. Roysambu nilikaa miaka mitatu bila kujua jina la jirani wa mlango wa pili.

Sasa nikueleze usiku mmoja wa Februari.

Saa tatu usiku, simu. Jirani ya mamangu, Kayole. Presha imempanda Mama, ameanguka bafuni, wako njiani kwenda hospitali. Kutoka Roysambu ningefika ndani ya saa moja, hata kama ni kwa boda. Kutoka Bamburi nilikimbilia basi la usiku, nikakaa macho hadi Mlolongo, nikaingia wodini saa nne asubuhi. Mama alikuwa amelala, hatari imepita. Kwenye faili, penye nafasi ya jamaa wa karibu, palikuwa na jina la yule jirani.

Mama alipoamka hakunilaumu. Alisema tu: "Usirudi Nairobi kwa sababu yangu. Lakini usiniambie tena kwamba uko karibu."

Tangu siku hiyo naenda kumwona kila baada ya miezi miwili. Treni ya SGR daraja la kawaida ni 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Ongeza nauli ya kufika Miritini, kutoka Syokimau hadi Kayole, na kitu kidogo cha kumbebea mzazi: 4,000. Igawanye kwa miezi miwili, ni 2,000 kwa mwezi. Nilikuwa nimebakiwa na 1,600. Kwa pesa tupu, kuhama kunanigharimu 400 kila mwezi.

Je, bahari, usingizi na mama wa chapo wana thamani ya 400? Kwangu, ndiyo, bila kufikiria. Usiku ule wa Februari ndio nimeshindwa kuupa bei.

Kwa hivyo, kama umeamua, fanya hivi. Usiende kujaribu Mombasa mwezi wa Agosti, upepo ukivuma na hali ikiwa tulivu. Nenda Februari au Machi, joto likiwa limekolea, ukae mtaani wiki mbili, si hotelini. Kabla ya kulipa dipoziti, fungua mfereji uonje maji, kisha uwaulize wapangaji, si landilodi, wanatumia pesa ngapi kwa stima. Hakikisha wateja wako hawahitaji sura yako. Halafu andika majina ya watu ambao wakianguka usiku, wewe ndiye wa kupigiwa simu. Kando ya kila jina weka nauli, na saa utakazokaa njiani. Kama karatasi hiyo bado inakuruhusu, funga mizigo.

Mimi nimebaki, angalau hadi Desemba. Juzi nilimwambia Mama aje akae nami wiki moja aone bahari. Akauliza kama maji ni ya chumvi. Nikamwambia ukweli. Amesema atafikiria.

Na wewe ukija, kabla hujaagiza chapo, salimia kwanza.