'Go South' Si Kwenda Diani: Maneno ya Kizungu ya Mambo Kuharibika, na Vile Yanaweza Kukuchezea

Ukiwa stejini Likoni, makanga akiita Waa, Tiwi, Ukunda, unajua unaelekea kusini na hakuna ngori. Lakini mtu akikuambia kwa Kizungu "things went south", usidhani ameenda Diani kuota jua. Anasema mambo yameenda mrama. Ni msemo wa Wamarekani: kwenye ramani kusini iko chini, na kitu kikishuka basi kimeenda huko. Sisi wa South Coast tungeweza kuona hiyo ni dharau, lakini twende tu.

Kizungu kiko na maneno kibao ya kusema kitu kinazidi kuwa kibaya, yaani kinyume cha "improve". Wengi tulitoka shule na moja tu, "worsen", na mtaani linatosha kabisa. Shida inaanza ukifika hospitali, ukipata barua ya ofisi ama ukisoma ripoti ya mradi. Huko kila neno lina kazi yake, na mengine kazi yake ni kukuficha kitu.

Anza na "deteriorate". Hili ukilisikia wodini usilichukulie poa. Mgonjwa wako amelazwa Msambweni, ama amevushwa na ferry hadi Coast General, halafu unasikia nesi akimwambia daktari "she's deteriorating". Hapo hasemi eti mgonjwa bado hajapona. Anasema hali inazorota, inashuka sasa hivi tukiongea. Ndiyo wazee wetu husema mgonjwa amezidiwa. Kama mjomba alikuwa amepanga kuja Jumamosi, mpigie aje leo. Na usilichanganye na "stable", ambalo watu hulisikia wakaanza kushangilia. "Stable" ni kwamba hali haipandi wala haishuki. Mtu anaweza kuwa mahututi na bado akaitwa "stable". "Relapse" nayo ni alikuwa ameanza kupata nafuu, ugonjwa ukamrudia. Ukiona maneno yanakupita, sema tu: "Sista, nieleze kwa Kiswahili, hali imezorota ama iko vile vile?" Hakuna aibu hapo.

Sasa tuje kwa mchezo wenyewe. Chukua sentensi kama hii: "The road has deteriorated." Nani ameiharibu? Haijasema. Ni kama barabara iliamka asubuhi ikajichimba mashimo yenyewe. Kiswahili pia kinajua mchezo huu, tena kwa herufi chache tu. "Barabara imeharibika" haina mtu ndani yake. "Imeharibiwa" inakuambia kuna mtu, ila hajatajwa. "Malori yameharibu barabara", sasa hapo tunaongea. Kizungu chenyewe mara nyingi hubadilisha neno zima: "deteriorate" ni kitu kuchakaa ama kuzorota chenyewe, na "degrade" mara nyingi ni kitu kilichoshushwa hadhi ama ubora na kitu kingine.

Ndiyo maana kwenye ripoti za misitu utakutana na "forest degradation". Haimaanishi miti imezeeka. Mara nyingi ni panga, mkaa na mifugo. Waa iko na kaya yake, na huko karibu na Diani kuna Kaya Kinondo, moja ya kaya za Wamijikenda ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Ukisoma mahali kwamba kaya fulani ni "degraded", umepewa nusu ya stori: kuna mkono umepita hapo. Nusu nyingine, mkono wa nani, itabidi uulize barazani, kwa sababu neno halitakuambia. Na mtu akisimama aseme msitu "umeharibika" tu, muulize kama alimaanisha "umeharibiwa". Utaona vile atatafuta maji ya kunywa.

"Erode" ni kumomonyoka, kama mchanga wa ufuoni. Asili yake ni Kilatini cha kutafuna, ndugu moja na "rodent", yaani wale kina panya. Ukiwaza bahari kama panya hutalisahau tena.

Base Titanium walipofunga uchimbaji Kwale Desemba 2024, neno lililotumika kwa madini lilikuwa "depleted". Yaani yamechotwa hadi yakaisha, hayakuoza wala hakuna aliyeyaharibu. Linganisha na kiwanda cha sukari cha Ramisi kilichofungwa 1988. Hicho wanaandika "collapsed", kiliporomoka. Kijana aliyerudi nyumbani bila kazi, kwake ni msoto ule ule. Lakini maswali ni tofauti: kitu kikiwa "depleted" unauliza ardhi inarudishwa vipi na nani anabaki na nini, kikiwa "collapsed" unauliza nani alikuwa ameshika usukani.

"Decline" ni kigeugeu. Biashara "iki-decline" inashuka polepole. Kadi ya benki ikiwa "declined" imekataliwa. Na umeomba kazi hotelini, ukajibiwa barua ndefu yenye asante nyingi na "decline" katikati, soma hapo tu: wamekukataa, songa mbele.

"Depreciate" ni kupoteza thamani. Pikipiki mpya inaanza siku ya kwanza. Shilingi nayo ilifika kama 160 kwa dola Januari 2024 kabla ya kupanda tena hadi kama 129 mwaka huo huo. Mama wa duka alikuwa analia na bei za bidhaa za nje, lakini bichi boi anayelipwa dola Diani alikuwa anacheka tu. Kwa hivyo si kila kushuka ni noma kwa kila mtu, na gazeti likiandika "shilling depreciates" angalia kwanza wewe unalipwa kwa pesa gani.

"Aggravate" na "exacerbate" ni za kuongeza ubaya juu ya ubaya uliokuwepo. La kwanza linatokana na uzito. Ndiyo kortini utasikia "aggravating circumstances", mambo yanayofanya kosa liwe zito zaidi wakati hakimu anapima adhabu. La pili ni kuchochea. Ukicheza mpira na enka iliyovimba ume-"aggravate". Ukipost screenshot kwenye grupu la familia wakati watu wamekosana ume-"exacerbate", na shangazi zako watakukumbuka.

Lingine ni "disimprove". Linasikika kama limebuniwa stejini, lakini ni neno halali, na Ayalandi wanalitumia hadi magazetini. Kwenye mtihani wa hapa Kenya usijaribu bahati yako, andika tu "worsen".