Mlango wa Mbele wa Nyumba ya Zamani

 Nataka kuwapa habari za kutengeneza mahali pa kuingilia nyumbani. Maana wengi wetu hapa Bagamoyo, na ndugu zetu wa Unguja, Mombasa na Lamu, tunakaa katika nyumba za mawe walizozijenga wazee, nazo huanza kuchakaa pale pale mlangoni. Naandika kwa kuwa mimi nalikosea, na hasara yangu haikuwa ya fedha tu.

Nyumba aliyotuachia baba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mbele ina baraza mbili, moja kila upande wa mlango, na ndani ya mlango kuna ukumbi mwembamba. Siku za uhai wake, kila alasiri jirani yetu, mzee Mwislamu wa hirimu yake, alikuja akaketi baraza ya kulia, na baba ya kushoto, wakanywa kahawa na kuzungumza hata adhana ya magharibi. Baba alipofariki, yule mzee hakuacha kuja. Aliketi mahali pake akamjulia hali mama yangu, naye mama aliketi ndani kidogo ya kizingiti, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Hata lipu ya mbele ilipobanduka, nikasema moyoni, nitaifanya nyumba hii mpya. Nikaikandika saruji juu ya ukuta wote, nikapaka rangi ya mafuta, nikaivunja baraza ya kulia nipate mahali pa pikipiki, na tundu la hewa lililo juu ya mlango nikaliziba kwa mbao kwa ajili ya popo. Watu wakanisifu sana, nami nikapendezwa.

Masika mawili hayakupita, rangi ikafanya malengelenge. Chumvi nyeupe ikatoka ukutani kama unga, na saruji ikaanguka mapande mapande, ikibandua na mawe. Ukumbi nao ukawa giza mchana kutwa. Asubuhi moja mama alijikwaa kizingitini akaanguka, akavunjika mkono. Na yule mzee jirani, tangu baraza yake ilipovunjwa, alikuwa akipita njiani tu: "Hujambo, mwalimu?" kisha huyo, anakwenda zake. Mimi sikuliangalia jambo hilo hata kidogo. Mama ndiye aliyeniambia, mkono wake ungali umefungwa: "Mwanangu, umeuziba mlango wa baba yako."

Neno hilo lilinichoma. Nami ndiye ninayewafundisha wakatekumeni habari za Ibrahimu, jinsi alivyokuwa ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali, akawaona wageni watatu akawapigia mbio. Kama angalikaa nyuma ya mlango kama wangu, asingaliwaona.

Nikamwendea fundi mmoja mkongwe wa chokaa. Akaugonga ukuta kwa vidole, akacheka, akanieleza. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, hunywa maji kutoka ardhini na katika mvua. Chokaa huyaacha maji hayo yatoke polepole kwa jua na upepo, lakini saruji na rangi ya mafuta huyafungia ndani. Basi yakikosa njia huvunja njia. Chokaa yenyewe si kitu kigeni kwa jiwe lile. Tumbawe likichomwa katika tanuu hutokwa na hewa ukaa. Likitiwa maji huchemka na kuwa kama samli nyeupe. Likipakwa ukutani huivuta tena hewa ile ile, likawa jiwe mara ya pili. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa karibu na karne ya 11, ni wa matumbawe na chokaa, na kuta zake zingali zinasimama.

Kabla ya kugusa kitu, ulizeni ruhusa, maana miji hii ina sheria zake. Mji Mkongwe wa Unguja umeandikwa katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001. Huko mtu habadili uso wa nyumba apendavyo. Tena msivunje matumbawe yaliyo hai baharini, ambayo ni makao ya samaki. Yako mawe ya kale ya kuchimbwa nchi kavu.

Tukabandua saruji yote kwa tindo, kazi ya siku tisa, tukauacha ukuta ukauke miezi mitatu ya kiangazi. Chokaa ililala shimoni wakati huo wote, imefunikwa maji. Kisha tukachanganya kipimo 1 cha chokaa na vipimo 3 vya mchanga usio na chumvi, tukalowesha ukuta, tukapiga lipu nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka tukalifunika magunia yenye maji lisikauke upesi. Mwisho tukapaka chokaa nyepesi kama maziwa, mara tano. Msishangae mkono wa kwanza ukionekana kama maji matupu. Weupe huja ukikauka. Lakini angalieni macho, wala msiwaache watoto karibu, maana chokaa huunguza. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi safi, mwende hospitali mara moja.

Ukumbi nao tuliupaka, tukalifungua lile tundu na kulitia wavu wa kuzuia popo. Giza nililokuwa nikitaka kuliondoa kwa taa mbili likaondoka bila taa. Mlango wenyewe, ambao nalifikiri umeoza, ulikuwa mchafu tu: tulipousafisha kwa brashi na maji kidogo, maua yaliyochongwa katika mfaa yakaonekana, na njumu za shaba tulizisugua kwa ndimu na chumvi. Ukingo wa kizingiti naupaka chokaa kila Jumamosi, ili mama auone.

Baraza ya kulia niliijenga upya, kimo kile kile. Kisha nikaenda mwenyewe kwa yule mzee, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Hakusema neno juu ya baraza. Aliniuliza tu kama mkono wa mama umepona.

Alasiri ya tatu nalikuwa ndani nikisahihisha madaftari, nikasikia hodi. Mama alikuwa amekwisha kumjua kwa mwendo wake. "Karibu, baba, mahali pako papo," akasema, akaniita nilete kahawa.

Chokaa ya mwakani tumekwisha kuitia maji. Imelala shimoni nyuma ya jiko, na pikipiki inalala uani.